Kitambaa cha Kumi na Mbili

Hivi wewe, umewahi kufua kitambaa, ukafua na sauti iliyoshonwa ndani yake? Usicheke. Yuko mjukuu mmoja alifanya hivyo, tena kwa heshima zote, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, akakianika vizuri kabisa kwenye kamba, na wala hakujua. Bibi yake naye alikuwa ameketi hatua kumi tu kutoka kwenye kamba hiyo, anapinda suruali ya mteja, hakuona kitu.

Bibi huyo ni fundi cherehani. Watu wamemzoea kwa jina la Bibi Pindo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona pindo lake likifumuka. Chumba chake cha kazi kiko upande wa mbele wa nyumba. Cherehani ya miguu iko karibu na mlango ipate mwanga, meza ya kukatia iko katikati, kopo la vifungo liko juu ya rafu, na sindano zimechomekwa kwenye kimto chekundu kilichopauka upande mmoja tu, upande wa jua. Chini ya dirisha, juu ya miguu yake minne ya chuma, kinasimama kinanda cha marehemu mumewe.

Ni kinanda cha umeme cha zamani, wenyewe wanakiita sintesaiza. Kukihamisha kunataka watu wawili wa kubeba na wa tatu wa kuwaombea. Upande wa chini kina vitufe vyeupe na vyeusi. Upande wa juu kina vijiti vya kusukuma mbele na nyuma, ishirini na nane, safu mbili, kumi na nne juu na kumi na nne chini. Kijiti kimoja kinaamua sauti iwe nyembamba au nene, kingine iingie kwa kunyata au kwa kishindo, kingine itetemeke au itulie. Ukisogeza kimoja upana wa punje ya mchele, sauti inageuka mtu mwingine. Na chenyewe hakikumbuki chochote. Vya siku hizi unabonyeza namba, sauti inakuja. Hiki ukishavuruga vijiti umevuruga, utajijua mwenyewe namna ya kuvirudisha.

Marehemu, ambaye wenzake wa bendi walimwita Nyaya, alikuwa na vidole vya ajabu na kichwa kinachovuja. Kati ya wimbo na wimbo alikuwa akihangaika na vijiti jukwaani, jasho linamtoka, watu wanapiga miluzi. Ndipo mkewe akamshonea. Alichukua marekani, kile kitambaa cha pamba kigumu chenye rangi ya maziwa, akakata saizi ya uso wa kinanda, akapinda ukingo wa juu ushike kwenye mdomo wa chuma. Kisha akafungua matundu ishirini na nane marefu, kama matundu ya vifungo, kila tundu limezungushiwa uzi lisichanike. Kando ya kila tundu akafunga fundo moja la uzi mwekundu. Ukikitandika, vijiti vinachungulia matunduni. Unasukuma kila kimoja mpaka kidole kiguse fundo, hata ukiwa umefumba macho. Kitambaa kimoja, sauti moja. Vilifika kumi na viwili. Wenzake walimtania Nyaya kwamba ndiye mpiga kinanda pekee anayetandika kitanda kabla ya kazi.

Miaka ikaenda. Nyaya akafariki, bendi ikasambaratika, kinanda kikafunikwa shuka, na vitambaa vikakunjwa kwenye sanduku la bati. Kila wiki Bibi Pindo alikifunua kinanda akakipangusa, mwili mzima, miguu yote, isipokuwa vitufe. Vitufe alivipulizia tu kwa mdomo. Hilo lilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa huyo mjukuu. Alipokuwa mdogo alinyonya kidole mpaka akaanza shule, jina la Kidole likamganda. Ni mwanamke mzima sasa, na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta zinazotoa sauti za ala za muziki. Alikuja kwa likizo ya wiki mbili, begani kompyuta, mkononi kinanda kidogo kipya chepesi kama sinia, na mfuko wa waya. Hata chai hakumaliza.

"Bibi, hiki kitu hapa chini ya dirisha, unajua kuna watu wanakililia?"

"Wanakililia kwa nini, mke mwenzangu? Si wana vyao?"

"Hawana! Vilitengenezwa vichache, kiwanda kikafungwa. Wanamuziki wameandika orodha kwenye mtandao, ala za zamani wanazotamani mtu azifufue ndani ya kompyuta, ili kila mmoja apige alipo. Hiki kiko juu kabisa. Watu mia nane na zaidi wanakiomba. Tazama."

Bibi Pindo akavaa miwani, akasogeza uso. Maneno yalikuwa ya lugha nyingi, mengine kwa herufi ambazo hajawahi kuziona, zimejikunja kama tarizi. Kidole akawa anamtafsiria. Mmoja aliandika kwamba anakitafuta miaka kumi na tisa. Mwingine alisema alikisikia mara moja tu, utotoni, kwenye redio ya jirani, na mpaka leo akipanda ngazi anakisikia. Na mwingine aliandika hivi: kuna santuri moja ya bendi moja isiyojulikana sana, upande wa pili, wimbo wa mwisho. Dakika ya tatu inaingia sauti kama chumba kizima kimevuta pumzi. Nimejaribu kila mashine niliyo nayo. Tafadhali, kama yupo anayejua, ilitengenezwaje?

"Hiyo ni Pumzi," Bibi Pindo alisema taratibu.

"Ndiyo hiyo hiyo. Pumzi ya Babu! Na chini yake wamejibu watu sitini, hakuna anayejua. Nimekuja kuichukua, Bibi. Hata nikikosa nyingine zote, hiyo lazima."

Bibi Pindo akavua miwani akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa, akaivua tena akaifuta. Mara ya mwisho kuisikia Pumzi ilikuwa Nyaya yuko hai. Santuri yao ilishavunjika, kinanda hakijawashwa tangu msiba. Alidhani ameshazoea.

"Utanisikilizisha na mimi?" aliuliza.

"Wewe wa kwanza."

Kesho yake wakamwita Fundi Redio. Huyu ni mtengeneza redio wa mtaa wa nyuma, zamani alikuwa akibeba na kurekebisha vyombo vya bendi. Kwa Nyaya alikuwa kama ndugu, kwa hiyo yeye na Bibi Pindo ni mashemeji, na utani wao haujaisha toka ujana.

"Shemeji, bado hujafa?" alisalimia mlangoni.

"Nakusubiri utangulie, nikushonee sanda iliyonyooka. Pita."

Fundi Redio alifungua skrubu kumi na sita, akaziweka kwenye kifuniko cha kopo la vifungo, akainua mgongo wa kinanda. Wote watatu wakainama.

Hapo Bibi Pindo alishika kifua. Miaka yote alikuwa amekipangusa nje tu, kama mtu anayefagia uwanja wa nyumba asiyoingia. Ndani kulikuwa na mji. Vibao vya kijani vimesimama safu safu, na juu yake vitu vidogo vya rangi, vingine kama shanga, vingine kama punje za mahindi, maelfu. Katikati yake zilipita nyaya, njano, nyekundu na buluu, zimekusanywa mafungu. Na mafungu hayo yalikuwa yamefungwa kwa uzi! Uzi uliopakwa nta, umezungushwa na kukazwa kila baada ya nafasi ile ile, mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka.

"Nani ameshona humu?" alinong'ona.

"Walikuwa wanafunga kwa mkono, shemeji. Kiwandani. Mafundi walikaa na uzi na sindano."

"Angalia nafasi zake. Hajapitiliza hata moja. Na hapa hakuna mteja wa kuona!" Alinyoosha kidole bila kugusa. "Humu ndani kuna fundi mwenzangu. Sijui yuko wapi, sijui kama yu hai. Lakini mkono wake huu hapa."

Fundi Redio yeye alikuwa amekunja uso. Alionyesha vipande sita vyeusi vyenye miguu mingi, kama jongoo waliolala. "Haya ndiyo makoo yake. Sita, ili kiweze kutoa sauti sita kwa mara moja. Manne yameungua. Yamebaki mawili, na haya hayatengenezwi tena popote. Yakipata moto sana, kwaheri. Kila siku saa moja tu, msizidishe."

"Saa moja inanitosha," Kidole alisema. Lakini uso wake haukusema hivyo.

Siku ya pili alitoa vitambaa sandukuni, vyote kumi na viwili. Vilikuwa na ukungu na harufu ya mende. Akaona aibu kuwapigia picha watu wa dunia nzima vitu vya bibi yake vikiwa vichafu. Ndipo alipofua.

Usimlaumu. Siku zilizofuata alifanya kazi ambayo Bibi Pindo, aliyedhani ameona kila aina ya uvumilivu, alikuwa hajaiona. Kinanda kilikuwa kinaamka kama mzee. Robo saa ya kwanza kinaguna, kinapanda na kushuka, kisha ndipo kinatulia. Kidole alirekodi mpaka kule kuguna. Alitandika kitambaa cha kwanza, akasukuma vijiti kwenye mafundo, akabonyeza kila kitufe, kwa upole, kwa nguvu, kwa kushikilia. Waya zilipeleka kila kitu kwenye kompyuta, na kwenye kioo ukapita mstari unaopanda na kushuka kama mshono wa mapambo.

"Kwa hiyo umeshairekodi, basi si imekwisha?" Bibi Pindo aliuliza.

"Kurekodi ni kama kupiga picha gauni, Bibi. Picha huwezi kuivaa. Mimi nachukua vipimo, kila mshono, ili nilishone upya."

"Sasa umeongea lugha ya watu."

Walipomaliza kitambaa cha kumi na moja, Kidole alimgeuzia bibi yake kiti kielekee ukutani. "Napiga mara mbili. Moja kinanda cha Babu, moja kompyuta. Niambie ipi ni ipi."

Bibi Pindo alicheka kwa kujiamini. Kinanda hiki alikaa nacho miaka arobaini! Sauti ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Akainamisha kichwa, akasema, "Rudia." Ikarudiwa. Alisikia hata ule mkwaruzo mdogo wa mwanzo, ule aliokuwa akiusikia kupitia ukuta wakati anachambua mchele, na aliusikia mara zote mbili. Vinyweleo vya mikono vikamsimama.

"Sijui," alisema. "Mjukuu wangu, sijui. Umefanya nini wewe?"

Kidole alicheka mpaka akajishika mdomo. Bibi Pindo aliendelea kutazama ukuta. Alikuwa ameshaona mafundi wa kupima mtu kwa macho, bila futi kamba, akipita tu njiani. Wawili, katika maisha yake yote. Huyu amepima kitu kisichokuwa na bega wala kiuno, na vazi likakikaa.

Kikabaki kitambaa cha kumi na mbili. Pumzi.

Kidole alikitandika, akakivuta kidogo kwa sababu kilikuwa kinabana upande wa chini, akasukuma vijiti vyote mpaka kwenye mafundo, akabonyeza. Kilichotoka kilikuwa kama mtu mwenye mafua anayejifanya hana. Alisukuma upya. Mafua yale yale. Akasema labda kinanda hakijapata moto. Akasubiri. Siku hiyo saa ikaisha.

Siku iliyofuata hivyo hivyo. Siku ya tatu, katikati ya kujaribu, ndani ya kinanda kitu kikalia *tik*, kidogo kama sindano kuanguka sakafuni, na harufu ya kuungua ikapanda. Fundi Redio akaitwa, akaja mbio na viatu visivyofanana. Alifungua, akatazama, akatikisa kichwa.

"Limebaki koo moja."

"Labda tatizo ni hayo yaliyoungua," Kidole alisema. "Labda Pumzi ilikuwa ndani ya mojawapo, na imekufa nalo."

"Inawezekana. Mashine hizi kila moja na roho yake."

Kidole akakaa kwenye kigoda, akaegemea mguu wa cherehani. Likizo yake ilikuwa imebaki siku nne. "Nitaitoa programu na hizo kumi na moja. Yule wa miaka kumi na tisa atafurahi. Ya Pumzi nitaandika tu kwamba haikupatikana."

Bibi Pindo aliweka chini suruali ya mteja. Alijihisi kama siku ile ya msiba, pale watu walipokuwa wanatoka, na mtu wa mwisho alipouvuta mlango.

"Hebu nipe hicho kitambaa," alisema.

"Bibi, nimekisukuma mara hamsini."

"Wewe umesukuma vijiti. Kitambaa hujakigusa. Nipe."

Alikitwaa akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akakipitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyofanya dukani kabla ya kuuliza chochote. Akakigeuza. Akakiinua usoni akatazama jua kupitia kwake, na jua lilipita kwa shida. Nyuzi zilikuwa zimebanana bega kwa bega.

"Ulikifua."

"Nilifua vyote, vilikuwa na ukungu. Nimekosea? Lakini mbona kumi na moja viko sawa?"

Bibi Pindo alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Kwanza alianza kutikisika mabega, Kidole akadhani analia, akasimama. Kumbe anacheka, kicheko cha aibu.

"Kumi na moja viko sawa kwa sababu niliviloweka kabla ya kukata. Marekani mpya ukiifua inarudi, inajivuta, inapungua kwa urefu. Kila fundi anajua. Unailoweka kwanza, inamaliza ujinga wake, ndipo unakata. Hiki sikukiloweka."

"Wewe?" Fundi Redio aliruka. "Wewe uliyewafukuza wanafunzi watatu kwa kutoloweka? Mmoja alilia mpaka barabarani, nilimwona kwa macho yangu!"

"Shemeji, funga mdomo, utaingiza nzi."

"Lakini kwa nini hukukiloweka?" Kidole aliuliza.

Bibi Pindo akakikunja kile kitambaa pajani, mara mbili, mara nne. Kisha akasema, kwani amfiche nani sasa?

"Ilikuwa asubuhi. Babu yako yuko uani ananyoa ndevu, kinanda amekiwasha kipate moto. Mimi napangusa. Tambara langu likanasa vijiti, likaburuta karibu safu nzima ya chini, na juu vitatu. Nikasema leo naachika. Nikasema basi ngoja nisikie nimeharibu kiasi gani, nikabonyeza kitufe kimoja. Kile pale, cheupe, cha tatu kutoka kwenye kile chenye ufa." Alionyesha kwa kidevu. "Ikatoka Pumzi."

Nje mtu alipita na toroli, magurudumu yake yakalia, yakaenda.

"Nilisimama tu. Sijui hata nikwambie nini. Ilianza nyembamba kama uzi unapoingia tundu la sindano, halafu ikafunguka, kama unapolisukuma jora mezani na kitambaa kinakimbia chenyewe mpaka mwisho wa meza, kisha kinashuka chini. Babu yako akaja na povu shavuni, nusu amenyoa nusu hajanyoa. Anapiga kelele, usiguse! Usiguse kitu! Hata usipumue! Akakaa pale pale nilipokuwa. Akasema lete kitambaa haraka, maana vijiti hivi vikipata moto vinateleza vyenyewe. Sasa hapo niloweke saa ngapi? Nilichana jora jipya, nikashona nikiwa nimesimama. Yeye akapiga mpaka mchana, povu likamkaukia usoni."

"Kwa hiyo Pumzi si ya Babu," Kidole alisema polepole. "Ni yako."

"Ni ya tambara."

"Miaka yote namsifia Nyaya kwa ile sauti!" Fundi Redio alisema. "Mpaka msibani nilimsifia, mbele za watu. Kumbe nilitakiwa nilisifie tambara."

Wakacheka wote. Lakini Kidole aliacha wa kwanza. "Basi hata ukijua, Bibi, itasaidia nini? Mafundo yameshahama. Hatujui yalikuwa wapi."

Bibi Pindo alikuwa ameshainuka. Alivuta mfuko wa vipande kutoka chini ya meza, ule ambao fundi hatupi, akaumwaga sakafuni. Vitenge, satini, bitana, khaki za sare za shule. Alipiga magoti akachambua kama anachambua mchele, moja moja, mpaka akatoa kipande cha marekani kirefu kama mkono, ukingoni kina uzi mmoja wa buluu. Akakilinganisha na kitambaa cha Pumzi. Uzi wa buluu ule ule.

"Jora moja. Hiki hakijaona maji."

Alikikaza mezani, akakiwekea futi kamba, na kila inchi akashona mstari mmoja mwembamba wa uzi mweusi, na kati ya inchi na inchi mistari mitatu mifupi, ya robo. Kidole alitazama bila kuelewa. Kisha Bibi Pindo akamwuliza ni maji ya namna gani alifulia, moto wake kiasi gani, sabuni ipi, alikamua au hakukamua, alianika juani au kivulini, na kila jibu akalifuata. Maji yakatiwa hivyo hivyo, kipande kikafuliwa hivyo hivyo, kikaning'inizwa kwenye kamba ile ile. Mpaka alasiri kilikuwa kimekauka.

Alikileta ndani akakilaza kando ya futi kamba. Inchi kumi na mbili zilizoshonwa zilikuwa hazifiki tena kumi na mbili. Zilikuwa kumi na moja na nusu.

"Umeona? Inchi zake zimerudi pamoja na kitambaa. Sasa hii ndiyo futi kamba ya kupimia kilichofuliwa. Ikiniambia fundo liko kwenye inchi sita na robo, basi siku ile lilikuwa sita na robo kweli kweli."

Kidole alifungua mdomo. Miaka minne chuoni, na saba kazini, na alikuwa bado anatafuta kwenye kichwa chake hesabu ya kufanya jambo hili. Hapa hesabu ilikuwa imeshafanyika, imeanikwa kwenye kamba na kibanio.

Bibi Pindo akakilaza kipande hicho juu ya kitambaa cha Pumzi.

"Na ndiyo maana ilikuwa kama mafua. Juu, karibu na pindo, mafundo yamehama kidogo tu. Kadiri unavyoshuka ndivyo yalivyohama zaidi. Safu ya chini ndiyo iliyopotea, na safu ya chini ndiyo tambara liliyoiburuta."

Usiku marekani mpya ililala kwenye ndoo. Asubuhi ikapigwa pasi, ikakatwa. Bibi Pindo alipima kitambaa cha zamani kwa ile futi iliyofuliwa, akapachika alama kwenye kipya kwa futi ya kweli, tundu kwa tundu, ishirini na nane. Hakutaka kusaidiwa hata kutunga uzi. Fundi Redio, aliyekuja na kigoda chake mwenyewe, alitazama mpaka chai ikapoa.

Saa tano kinanda kikawashwa. Kikaguna. Kikatulia. Bibi Pindo akatandika kitambaa mwenyewe, akakilainisha kwa kiganja, na hakikubana popote. Akasukuma vijiti kimoja kimoja huku amefumba macho. Kisha akarudi nyuma hatua moja, mikono akaificha nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa.

"Piga," alisema.

Kidole akabonyeza kile cheupe, cha tatu kutoka kwenye ufa.

Ilikuja nyembamba. Ikaja kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano, mpaka ukahofia utakatika. Halafu ikafunguka. Vioo vya dirisha vikaitikia, kopo la vifungo likaitikia, sindano kwenye kimto zikaanza kuimba kwa sauti ambayo mtu aliihisi menoni kuliko masikioni. Chumba kilivuta pumzi. Hakuna namna nyingine ya kusema. Kuta zilikuwa pale pale, lakini kila aliyekuwemo angeapa kwamba zimesogea nje, na kwamba kulikuwa na nafasi ya watu wengi, waliopo na wasiokuwepo. Fundi Redio alivua kofia. Kidole alisahau kuinua kidole, na sauti ikaendelea, ikaendelea, haikuwa na haraka ya kwenda popote.

Alipoinua, akaruka kwenye kompyuta kama aliyechomwa, akaanza kupima, kitufe kwa kitufe, akiihesabu kila dakika kwa sababu ya lile koo moja. Alipomaliza aliunganisha kile kinanda kidogo chepesi kama sinia, akabonyeza. Pumzi ikatoka humo pia, nzima, na ule mkwaruzo wake. Bibi Pindo alikigusa ubavuni kwa mgongo wa mkono, kama unavyomgusa mtoto kuona kama ana homa.

"Na watu mia nane wataipata?" aliuliza.

"Wote. Na nitaweka picha ya kitambaa, na jina la aliyeivumbua."

"Andika Tambara," Fundi Redio alisema, akijifuta macho kwa kofia.

Kidole akatazama saa yake. "Kazi yangu imekwisha. Zimebaki dakika kumi na mbili za leo. Nikizime, Bibi, tulitunze hilo koo?"

Alinyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime."

Kidole akageuka. Bibi Pindo alikuwa amesogea mbele ya kinanda, pale pale palipokuwa pake asubuhi ile kabla hajaambiwa asiguse. Mikono ilikuwa imetoka mgongoni. Aliifuta kwenye gauni, mara mbili, kiganja na mgongo wake, ingawa haikuwa na kitu.

"Siku ile nilibonyeza kimoja," alisema. "Babu yako akaja, akakaa, na mimi nikaenda kushona. Sikumwambia, na yeye hakuuliza. Miaka yote hii kila nikipangusa navipulizia tu, naogopa vidole vyangu mwenyewe." Akavuta hewa. "Nilikuwa nataka kubonyeza cha pili."